Karakana ya Wasomaji: Basi la reli linaloangukia konani

SWALI: Fundi, pokea salamu kutoka Utawala, hapa Nairobi. Mimi ni fundi wa umeme wa nyumba. Kwa miezi minane sasa jioni zangu zote zimeishia kwenye modeli ya basi la reli, yaani gari kama basi linalotembea juu ya reli, la ekseli mbili, skeli ya 1:22.5 (milimita moja ya modeli ni milimita 22.5 za gari la kweli). Nimefuata umbo la lile basi la Wismar la Ujerumani, lenye boneti mbele na nyuma. Bodi nimeikata mwenyewe kutoka mabaki ya ubao wa plastiki wa watengeneza mabango, urefu milimita 400, boneti zikiwemo. Mezani linatembea vizuri sana. Nikilitoa nje, kwenye reli niliyotandaza uani, kila likifika kona gurudumu la mbele la upande wa nje linapanda reli na basi linaanguka. Rafiki yangu anasema bodi ni nzito mno. Nimefikiria kuivunja nianze upya kwa kitu chepesi, na nikianza upya ningependa uso uwe bapa kama wa matatu. Nishauri kabla sijashika kisu. (Msomaji, Utawala)

JIBU: Kisu kiweke chini kwanza, ndugu yangu. Bodi yako haijakosa lolote. Uzito ukikaa chini, karibu na reli, unakusaidia. Betri zako zipange sakafuni katikati ya ekseli mbili, usizipandishe chini ya paa.

Ugonjwa umeutaja mwenyewe: mezani linatembea, nje linaanguka. Meza ni bapa, ua wako si bapa. Upande huo wa jiji una udongo mweusi kwingi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka nyufa za kuingiza kidole jua likiwaka. Reli uliyoipima kwa pima-maji mwezi wa Machi, kufika Julai imejipinda: mahali pamoja reli ya kulia iko juu, hatua moja mbele ni ya kushoto. Jicho halioni, lakini gurudumu linaona.

Sasa fikiria kigoda. Cha miguu mitatu hakitikisiki popote utakapokiweka. Cha miguu minne, sakafu ikiwa mbovu, mguu mmoja unaning'inia. Chesisi yako ina miguu minne, na naamini umeikaza kwa skrubu ikawa ngumu kama jiwe, kwa sababu ndivyo nilivyofanya mimi. Nilikuwa nimejenga bodi za mabasi kwa miaka 19 pale Eneo la Viwanda, nikadhani modeli ya basi itanishinda nini. Basi langu la kwanza la reli lilianguka kona ile ile kwa wiki tatu. Nilibadilisha magurudumu, nikapunguza paa, nikamlaumu aliyeniuzia mota. Hatimaye nililiweka juu ya kioo cha dirisha, nikachukua ukanda wa karatasi ya daftari na kuupitisha chini ya kila gurudumu. Matatu yaliushika. La nyuma kulia liliuacha ukapita. Nikaukunja mara mbili, ukapita tena, kwa shida kidogo. Unene wa karatasi mbili tu, na hapo ni juu ya kioo! Kwenye reli iliyopinda pengo hilo linazidi, gurudumu lisilo na uzito linafika konani, ule ukingo wake wa kulizuia lisitoke relini hauna kinachoushikilia chini, unapanda.

Basi la kweli halipati shida hii kwa sababu lina springi na chesisi yake hunyumbuka. Ukitaka kuona, simama nyuma ya basi linalopanda ukingo wa barabara kwa gurudumu moja: fremu inajisokota, bodi inalia, lakini magurudumu yote yako chini. Katika modeli huhitaji springi. Unahitaji kuipa ekseli moja uhuru wa kucheza.

Nilifanya hivi. Ekseli yenye mota niliiacha imekazwa. Ile nyingine niliitoa, nikaitengenezea kisanduku chake kidogo cha bati nene chenye bushi za shaba pande zote mbili. Kisanduku hicho nikakining'iniza kwenye bolti moja ya milimita 4 iliyolala katikati kabisa, ikielekea mbele na nyuma kama uti wa mgongo. Kisanduku kinayumba juu ya bolti ile kama mzani wa sokoni: kulia kukipanda, kushoto kunashuka. Nafasi ya kupanda na kushuka ni milimita 1.5 kila upande, kisha kinagonga kizuizi. Nati usiikaze, tumia nati mbili zinazokabana zenyewe, ili kisanduku kibaki huru bila kuyumba kwenda mbele na nyuma. Na usizipe ekseli zote mbili uhuru huo, maana bodi itakosa pa kuegemea na italala ubavu.

Kazi hiyo ni ya Jumamosi moja. Rudia kipimo cha karatasi, safari hii ukiweka kadi ya simu chini ya gurudumu moja la ekseli inayocheza. Yote manne yakishika karatasi, rudi uani.

Hukunieleza kona yako ni kali kiasi gani, kwa hiyo ipime. Chukua rula ya milimita 300, ncha zake mbili zigusane na ubavu wa ndani wa reli ya nje, upime pengo la katikati. Likiwa karibu milimita 18, kona yako ni ya nusu-kipenyo cha milimita 600, ambayo ni kali. Likiwa 9, ni ya 1200 na unaweza kulala usingizi. Kwenye ile kali, umbali kati ya ekseli unakuwa na maneno. Ukiwa umenakili mita 4 za basi la kweli, una milimita 178, na ndani ya urefu huo reli inajikunja milimita 6.6. Zisogeze ekseli zako hadi 140 na mkunjo unashuka hadi 4. Ningefanya hivyo bila kusita, hata kama mpenda vipimo kamili atanuna.

Na mwendo je? Kilomita 40 kwa saa, kwa skeli yako, ni nusu mita kwa sekunde. Gurudumu la kipenyo cha milimita 30 linahitaji mizunguko kama 315 kwa dakika, kwa hiyo mota ya gia ya mizunguko 300, ya volti 12, inayopatikana maduka ya barabara ya Luthuli, inatosha. Wengi hununua ya kasi zaidi kisha wanashangaa kona zinawakataa.

Sasa uso wa matatu. Hapa moyo wangu umefurahi, kwa sababu unataka kusanifu, hutaki kunakili tu. Lakini elewa kwanza boneti zile zilikuwa za nini. Basi la Wismar, la miaka ya 1930, lilikuwa na injini mbili za Ford, moja kila upande, na dereva alitumia ile ya mbele kulingana na anakoelekea. Hakukuwa na haja ya kuligeuza mwisho wa njia. Wajerumani waliliita kipua cha nguruwe, na ukilitazama unaona kwa nini. Kile kipua ni chembamba kuliko bodi, na huo wembamba unakufaa wewe: ncha ya gari lenye ekseli zilizokaribiana hutupwa nje ya kona. Kwa urefu wa 400 na ekseli za 140, kwenye kona ya 600, ncha inatoka nje milimita 29. Kipua chembamba kinapita. Uso bapa wa upana kamili, milimita 107, utapiga nguzo, ua, na kila kilicho jirani.

Kwa hiyo ukiondoa boneti, usirefushe bodi kuziba nafasi zao. Kata hadi 340. Ncha itatoka milimita 20 tu. Kisha binya pembe za mbele kama tunavyobinya za matatu, kioo kikiwa kimelala nyuma kidogo na taa zikiwa ndani ya pembe. Ujenge kwanza kwa katoni la sabuni, ulisukume konani kwa mkono. Mimi nilikata nyuso nne za katoni kabla ya kuridhika, na ya tatu ndiyo niliyokuja kuijenga.

SWALI: Mwanangu wa miaka 13 anataka kujenga treni ya SGR, ile reli mpya. Babu yake, aliyefanya kazi kwenye reli ya zamani, anataka wajenge mabehewa ya njia ile. Pesa ni za reli ya aina moja tu. Ninunue ipi? (Mama wa Kasarani)

JIBU: Dada, nunua reli ya upana wa milimita 45 na wote wawili watafurahi. Reli ya zamani, iliyofika Nairobi mwaka 1899, ina upana wa mita moja. Igawe kwa 22.5, unapata 44.4. SGR ina milimita 1435. Igawe kwa 32, unapata 44.8. Babu ajenge kwa 1:22.5, kijana kwa 1:32, njia ni moja. Wasizipange tu kituo kimoja kwa wakati mmoja: mtu wa mita 1.7 kwa babu ana milimita 76, kwa kijana 53.

Wapeleke Jumba la Makumbusho ya Reli, lililofunguliwa mwaka 1971 karibu na stesheni kuu. Wachukue futi ya kupimia, daftari na penseli. Kijana atataka kuanza na Mount Gelai, lile garimoshi kubwa namba 5918, na ni haki yake kulipenda, lakini mwelekeze kwenye behewa. Apime mlango mmoja na dirisha moja, arudi nyumbani akavichore kwa skeli. Babu ashike ncha ya pili ya futi. Atakuwa na mengi ya kumwambia pale.

SWALI: Rangi inabanduka kwenye bodi yangu ya bati la paa kama ganda la kitunguu. Nimepaka mara tatu. (Fundi chipukizi, Kariobangi)

JIBU: Bati jipya la paa lina zinki juu yake, na rangi ya kawaida haishiki zinki. Bandua yote. Osha kwa sabuni kuondoa mafuta, futa kwa siki, acha dakika chache, suuza, kausha kabisa. Kwaruza kwa msasa laini bila kufika kwenye chuma, kisha paka prima ya mabati, tabaka jembamba. Mara nyingine tumia bati la debe la mafuta ya kupikia: linakatika kwa mkasi, na linashika lehemu vizuri. Prima ikikaa siku mbili, bandika utepe wa karatasi wenye gundi pembeni na uung'oe kwa nguvu. Usipotoka na kitu, endelea na rangi ya juu.