Nililipa Dola 100 Kwenda Kumzika Mama

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na mara zote mbili umenikera. Unataka kunifuata huku Marekani, na unasema mchungaji wenu huko Tanga amewahubiria kwamba Marekani ni mji uliojengwa juu ya mlima, taifa ambalo Mungu mwenyewe amelitenga na mengine, na kwamba mtu aliyepewa uraia wake hana haki ya kulalamika. Maneno hayo ya mlima yana mwenyewe. John Winthrop aliwaambia wahamiaji wenzake waliokuwa wakielekea Massachusetts mwaka 1630, tena kwa kuwaonya: macho ya watu wote yatakuwa juu yetu, na tukimkosea Mungu tutakuwa kichekesho cha dunia. Onyo lilisahauliwa, ukabaki mlima.

Mimi uraia huo niliusomea. Nilipouomba mwaka 2017 kulikuwa na maswali 100 ya kukariri; unaulizwa 10, ukipata 6 umefaulu. Niliyakariri usiku katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Columbus, Ohio, baada ya kumgeuza mgonjwa huyu na kabla ya kumbadilisha nepi yule. Swali moja liliuliza ni watu gani walioletwa Amerika wakauzwa kama watumwa. Hilo sikulihitajia kitabu.

Niliutaka uraia kwa sababu moja tu, nayo unaijua: mwenye kadi ya ukaazi hawezi kumwombea mzazi aje kuishi naye, raia anaweza. Basi nikasimama mahakamani, nikarudisha kadi, nikapewa kibendera, nikainua mkono wa kulia na kuapa kwamba naukana kabisa utii wangu kwa dola yoyote ya kigeni niliyokuwa raia wake. Kiti cha pembeni alikaa Mkenya. Aliapa maneno yaleyale, akatoka nje angali Mkenya, kwa kuwa katiba yao ya mwaka 2010 inamruhusu. Mimi, kwa sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995, niliingia Mtanzania nikatoka mgeni.

Hapo ndipo ninapotaka unielewe, maana na sisi tuna mlima wetu. Tumelelewa tukiambiwa kwamba sisi ni kisiwa cha amani, kwamba hatufanani na majirani, na uraia wetu tunaufungia ndani kama mwari asiyetakiwa kuonekana na mtu wa pili. Wamarekani walinilisha kiapo, lakini pasipoti yangu ya Tanzania hawakuidai. Nilifutwa nyumbani.

Hili sikukwambia msibani. Mama alifariki maombi ya kumleta huku yakiwa bado hayajajibiwa, nami ili nije kumzika nililipa dola 100 za viza, ada wanayotozwa wenye pasipoti ya Marekani. Pale uwanja wa ndege Dar es Salaam nilipanga foleni ya wageni. Ofisa, kijana wa rika lako, aliniuliza kwa Kiingereza nitakaa siku ngapi. Nilipomjibu kwa Kiswahili chetu cha Tanga, aliitazama pasipoti, akanitazama mimi, akasema, "Pole sana, dada. Ila hapa hujajaza anwani ya unakofikia." Nikaandika nyumba tuliyozaliwa.

Kwa hiyo usije. Au njoo, lakini uje kwa shule na kwa makaratasi yaliyonyooka, maana mshahara wa huku ndio uliokulipia chuo, na nikikwambia haukunifaa nitakuwa mwongo. Ukipata kadi, kaa nayo, ihuishe kila baada ya miaka 10, usiape. Lakini ukiwa na mzazi wa kumleta, apa mapema, usingoje kama nilivyongoja mimi nikiogopa kuukosa Utanzania, kwa sababu miaka ile niliyosita ndiyo iliyomponza Mama. Naambiwa siku hizi kuna hadhi maalumu kwa watu wa diaspora. Ni jambo jema, nami nitaiomba, ingawa hadhi haipigi kura.

Kile kiwanja cha Kange kiandikishe kwa jina lako. Kwa sheria yetu mgeni wa kawaida hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, nami siwekezi chochote, nilitaka vyumba viwili vya uzeeni. Fedha ya kufuatilia hati nitaituma Ijumaa nikilipwa. Usimpe mchungaji.