Mataji ya dunia ya Ivan Mauger ya mtu mmoja mmoja ni 9, siyo 6

Kuna wanaosema Ivan Mauger, mkimbiza pikipiki, alishinda mara 6 tu. Hapana, hizo 6 ni za spidiwei peke yake (mbio za pikipiki kwenye njia fupi ya mviringo), mbio za mtu mmoja mmoja: 1968, 1969, 1970, 1972, 1977 na 1979. Ongeza 3 za njia ndefu, mbio za aina hiyo hiyo ila kwenye njia kubwa zaidi (1971, 1972, 1976), na hapo sijagusa za timu. Watu huchanganya spidiwei na njia ndefu kwa sababu pikipiki zinafanana: 500cc, hazina breki, zinakunywa methanoli. Ila njia ndefu mzunguko mmoja unaweza kufika mita 1,000, kwa hiyo mwendo ni wa kutisha kweli. Halafu jamaa hakuwa Mwingereza. Alikuwa wa Christchurch, New Zealand. Uingereza alienda kushindana kwenye ligi ya spidiwei tu.