Kunakili DNA ya bakteria: anza na yale polimerasi isiyoyaweza

Wanafunzi wengi wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) na wa vyuo vya afya hapa Kigoma huingia kwenye mada hii kwa kukariri orodha: helikasi, primasi, polimerasi, ligasi. Mtihani ukifika, orodha imeshayeyuka. Ushauri wetu: shika kwanza mambo mawili ambayo polimerasi ya DNA, kimeng'enya kinachojenga uzi mpya, haiyawezi. Haiwezi kuanzisha uzi mpya pasipo kitu cha kushikia, na haiongezi nyukliotidi (vipande vinavyojenga DNA) ila kwenye ncha ya 3′; kila uzi una ncha mbili tofauti, 5′ na 3′. Karibu vimeng'enya vingine vyote vipo kwa sababu hizo mbili, au kwa sababu DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana.

Kwa E. coli, kromosomu ni duara la jozi za besi milioni 4.6 hivi, lenye mahali pamoja tu pa kuanzia, oriC. Protini DnaA iliyobeba ATP hujishika hapo na kuachanisha nyuzi penye A na T nyingi, ambapo huachana kwa urahisi. DnaC huleta helikasi (DnaB) inayotenganisha nyuzi, protini SSB hufunika nyuzi zilizo wazi zisirudiane, na panda mbili za kunakilia (pale nyuzi zinapoachana) huondoka, kila moja na upande wake wa duara.

Sasa penye kupoteza alama. Primasi huweka kipande cha RNA cha nyukliotidi 10 hivi, polimerasi III ikaendeleza kutoka hapo. Uzi mmoja hujengwa mfululizo kufuata panda. Wa pili umeelekea kinyume, kwa hiyo hujengwa kwa vipande vya Okazaki, nyukliotidi 1,000 hadi 2,000 kila kimoja, na kila kimoja huanza na RNA yake. Wengi huandika kwamba ligasi ndiyo inayoondoa RNA hizo. Sivyo. Anayeziondoa na kujaza DNA papo hapo ni polimerasi I. Ligasi huziba ufa wa mwisho tu, bondi moja ya fosfodiesta, na ligasi ya E. coli hutumia NAD⁺, si ATP. Unapochora, tumia biro za rangi mbili na uandike 5′ na 3′ kwenye kila ncha kabla ya kuweka mshale wowote. Mshale wa uzi mpya ukiishia kwenye 5′, futa uanze upya.

Kimeng'enya kingine, jirasi, hakieleweki kwa maneno matupu. Tafuta kamba ya nyuzi mbili, kama zile za wavuvi wa Kibirizi, ifunge ncha zote mbili, kisha tenganisha nyuzi kwa vidole katikati. Ukizidi kusogea, mbele panakaza mpaka kamba inajikunja mafundo. Jirasi hutangulia panda ikiondoa mkazo huo: hukata nyuzi zote mbili za DNA, hupitisha sehemu nyingine ya DNA kwenye mkato, kisha huunganisha, kwa gharama ya ATP. Siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, huikamata ikiwa imeshakata na haijaunganisha, mikato ikabaki na bakteria akafa. Badiliko la asidi amino moja tu, kwa mfano serini ya 83 ya GyrA, mojawapo ya protini zinazounda jirasi, linapunguza nguvu ya dawa hiyo. Tafadhali, msinunue sipro kila tumbo likiharisha. Mnawaachia uwanja bakteria wenye badiliko hilo.

Kuhusu muda, piga hesabu mwenyewe. Polimerasi III huenda nyukliotidi 1,000 hivi kwa sekunde. Kila panda ina nusu duara, milioni 2.3, yaani sekunde 2,300, dakika 38 hivi. Mbona basi E. coli mwenye chakula cha kutosha hugawanyika kila dakika 20? Kwa sababu mizunguko hupishana: oriC huanza tena kabla ya mzunguko wa kwanza kwisha, na seli mpya hupokea kromosomu ambayo tayari inaendelea kunakiliwa.

Wala usiandike kwamba kila bakteria ana kromosomu moja. Vibrio cholerae, wa kipindupindu kilichoikumba Kagunga hapa Kigoma mwaka 2015, anazo mbili, ya jozi milioni 3 na ya milioni 1 hivi. Ile ndogo huanzishwa na protini yake, RctB, na husubiri mpaka panda ya kubwa ipite sehemu iitwayo crtS. Ndiyo maana zote mbili humaliza karibu wakati mmoja.