Usinunue sindano kabla ya kupima meza

Swali (Isevya, Tabora): Shikamoo. Santuri zangu zinaruka kwenye mashine ya kuzipigia kila mtu akipita sebuleni. Fundi anasema ninunue sindano mpya.

Jibu: Marahaba. Usinunue kwanza. Barua kama yako zinakuja kila mara, na waandishi wake hawasemi mashine imekaa juu ya nini! Nadhani ni kabati la vyombo lenye miguu myembamba. Ukikanyaga, kabati linatikisika, mashine nayo inatikisika, na sindano haijui kutofautisha hatua zako na gitaa. Piga rafu kwenye ukuta wa matofali, uikaze kwa vyuma vya pembe, mashine ikae huko peke yake.

Swali (Gungu, Kigoma): Nataka kujua kama mashine imekaa sawa. Pima maji niiweke wapi hasa?

Jibu: Juu ya sahani inayobeba santuri. Meza inaweza kuwa imelala sawasawa, lakini sahani ikawa imeinama. Funga mkono wa sindano, weka pima maji kushoto kwenda kulia, kisha mbele kwenda nyuma. Halafu igeuze, kichwa kiende mkiani. Kipovu kikihama, pima maji yenyewe ni mbovu, azima nyingine. Kama miguu ya mashine haizunguki, sukumia vipande vya kadi ya vocha chini ya mguu ulioshuka, kimoja kimoja, huku unatazama kipovu.

Mashine ikiinama, mkono unavutwa upande mmoja na sindano inaegemea ukuta mmoja wa mfereji wa santuri. Kwenye santuri ya stereo, ukuta wa ndani hubeba sauti ya kushoto na wa nje hubeba ya kulia, kwa hiyo spika moja itakwaruza nawe utailaumu bure. Ukimaliza, pima uzito ambao sindano inaikandamizia santuri. Nyingi za kisasa hutaka gramu 1.5 hadi 2, ila fuata karatasi ya sindano yako. Na tafadhali, acheni kubandika sarafu kichwani mwa mkono ili isiruke. Mnachimba santuri.

Swali (Ujiji): Nikiongeza sauti, spika zinaunguruma zenyewe.

Jibu: Umeziweka meza moja na mashine. Zitenganishe. Kisha shusha sindano juu ya santuri isiyozunguka, ongeza sauti kidogo, gonga rafu kwa kidole. Ukisikia "du" kama ngoma, mtikisiko bado unapita. Muungurumo ukianza, punguza sauti hapo hapo, usije ukaunguza spika.

Swali: Sponji ya godoro chini ya mashine inafaa?

Jibu: Hapana. Hubonyea upande mmoja.

Swali (Tabora mjini): Tunakaa karibu na reli. Treni ikipita, besi inachafuka.

Jibu: Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na haihami, kwa hiyo hamisha mashine. Ipeleke chumba cha mbali na reli, juu ya ubao mzito wa mninga uliokalia mipira ya tenisi iliyokatwa nusu. Kisha pima upya. Kama mashine yako ina springi zake ndani, achana na mipira. Mtikisiko juu ya mtikisiko huzidisha ugonjwa.

Swali (Cheyo): Nijaribie kwa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, za bendi ya Tabora Jazz, alizoacha marehemu baba?

Jibu: Hapana, mwanangu! Jaribia santuri usiyoijali. Za baba zirudishe kwenye bahasha zake, zisimamishe wima, mbali na dirisha linaloingiza jua la mchana.