Mihadhara au Majaribio?

Swali: Mhariri, wanafunzi wangu wa sekondari huamini kila wanachojibiwa na akili mnemba. Je, mihadhara ya tahadhari inatosha?

Jibu: Haitoshi, Mwalimu, waache wafunze wenyewe modeli, yaani programu ya akili mnemba inayojifunza kutokana na mifano. Teachable Machine, programu ya bure ya Google inayotumika ndani ya kivinjari, haidai ujuzi wa kuandika msimbo. Wapige picha za vikombe vikiwa mezani tu na za vitabu vikiwa sakafuni tu, waifunze modeli kwa picha hizo, kisha waweke kikombe sakafuni: huenda modeli ikakiita kitabu, tena kwa asilimia kubwa ya uhakika, kwa kuwa ilichojifunza ni mandhari ya nyuma wala si umbo la kitu. Hapo ndipo uwaulize ni nani aliyechagua picha, na zipi ziliachwa. Mihadhara (ikiwa bado itahitajika) ifuate baadaye.