Majani Yanapukutika Kabla ya Kukauka

SWALI: Klabu yetu hukusanya mimea pembezoni mwa msitu wa Kakamega, kibali tunacho. Tunaibana ndani ya magazeti, lakini siku ya tatu mingine imeota ukungu na mingine imepukutika majani yote. Stima hatuna. Wavumbuzi wa zamani, miezi mingi safarini na wapagazi, walifanyaje? – Msomaji, Kakamega

JIBU: Hayo ni maradhi mawili tofauti.

Ukungu ni maji yaliyokosa pa kutokea. Chumeni umande ukishakauka, kabla ya mvua ya alasiri. Kitawi cha sm 30 chenye ua au tunda kinatosha. Magazeti yabadilishwe kila siku kwa siku 4 za mwanzo. Yaliyolowa yaanikeni, yatumike tena. (Karatasi ya kung'aa hainyonyi kitu.) Kati ya mabunda wekeni katoni yenye mifereji, yote ielekee upande mmoja hewa ipite, na kazeni kamba kila jioni maana mimea husinyaa. Jiko la makaa linafaa, mradi mkono uvumilie joto lake. Likizidi, mmea unaiva na kuwa mweusi.

Kupukutika ni jambo jingine: kitawi bado ki hai. Ndani ya gazeti kinaendelea kuishi siku kadhaa, na kabla ya kufa kinajikata majani pale kwenye kikonyo. Basi kiueni mapema. Chovyeni majani, si maua, kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache, yafuteni, ndipo mbane.

Safarini wengi walikausha hivyo hivyo, kwa karatasi na moto. Njia nyingine ina jina la Georg Schweinfurth, Mjerumani aliyezunguka Sudan Kusini ya leo hadi mto Uele kati ya 1868 na 1871: mimea huuawa kwa spiriti, ikaushwe baadaye. Changanyeni spiriti ya asilimia 95 vikombe 3 na maji kikombe 1, lowesheni bunda zima, kisha lifungeni ndani ya mfuko wa plastiki nzito. Ule wa ndani ya gunia la mahindi lisilopitisha hewa ni mzuri sana. Litakaa wiki kadhaa bila kuoza.

Bunda la spiriti lisikaribie jiko mpaka lipunge hewa kwanza. Schweinfurth mwenyewe alipoteza sehemu kubwa ya makusanyo yake kambi ilipoungua mwaka 1870, ingawa si kwa sababu ya spiriti.

Spiriti pia hula rangi ya ua, kwa hiyo iandikeni daftarini kabla ya kumimina. Namba ya mmea iandikwe kwa penseli, wino utayeyuka.