Kovu la sikioni lililovimba: kabla hujalipia leza

Habari dada. Umesema kovu la kutoboa sikio limevimba, krimu ya miezi mitatu haikusaidia, na unauliza kama leza italimaliza. Langu lilikuwa begani, niliungua na mafuta nikikaanga mihogo hapa Ngamiani, Tanga.

Kwanza angalia kama limevuka mpaka wa kidonda cha mwanzo. Likivuka, hiyo ni keloidi, na krimu peke yake haitoshi. Langu lilikuwa gumu kama kokwa ya tende, linawasha usiku hadi naamka. Kilicholilainisha ni sindano za triamsinoloni (dawa ya steroidi) ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki 4 hadi 6, pamoja na jeli ya silikoni kila siku. Zinauma kweli, nisikufiche.

Leza ilifuata baadaye. Ile inayotoboa vitundu vidogo husaidia dawa ipenye, ila ngozi nyeusi inaweza kubaki na mabaka, hivyo omba wajaribu sehemu ndogo kwanza. Na tafadhali usikubali likatwe tu bila tiba ya kufuatia. Keloidi hurudi, pengine kubwa zaidi.

Anzia hospitali ya Bombo hapa Tanga, uombe rufaa ya hospitali ya KCMC Moshi kwa madaktari wa ngozi.